Ukaguzi wa Pikipiki Baada ya Ajali: Tathmini ya Huduma ya Karakana Moja

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na karakana inayopokea pikipiki zilizoanguka au kugongana, kuzikagua, na kumkabidhi mwenyewe ripoti ya maandishi kabla ya matengenezo makubwa kuanza. Ukaguzi hulipiwa peke yake, na mteja yuko huru kuichukua ripoti yake na kwenda kutengenezea kwingine. Mpango huo ndio ulionivutia kwanza, kwa sababu fundi ambaye kipato chake hutokana na kubadilisha vifaa ana kishawishi cha kuona ubovu kila anapotazama, ilhali anayelipwa kwa kulitafuta tatizo hana cha kupoteza akisema kwamba kifaa fulani ni kizima.

Pikipiki niliyoipeleka ina injini ya silinda moja, yenye kabureta na inayopozwa kwa hewa. Gurudumu la mbele liligonga ukingo wa barabara, kisha pikipiki ikalala ubavu wa kushoto na kuteleza umbali mfupi. Dalili zilizokuwa wazi ni tatu: usukani ulikaa upande wakati gurudumu limenyooka, gia ziliingia kwa shida, na injini ilipowashwa palepale barabarani ilitoa moshi mzito wa buluu. Msomaji aliyewahi kuangusha pikipiki atazitambua dalili hizo, na pengine ameshawahi kuambiwa kwamba maana yake ni kununua shokapu mpya, kufungua gia boksi na kubadilisha ringi za pistoni.

Ubora mkubwa wa huduma hii ni kwamba mafundi wake hutenganisha mambo matatu ambayo karakana nyingi huyachanganya: kilichohama mahali pake, kilichopinda, na kilichopasuka. Kilichohama hulegezwa na kurudishwa. Kilichopinda hupimwa, na kipimo ndicho kinachoamua kama kitabaki au kitatolewa. Kilichopasuka hakina mjadala. Kwa kila kifaa walichokitilia shaka, walinionyesha jaribio lililowafikisha kwenye uamuzi wao, nami nikaweza kulifuata kwa macho yangu.

Jambo la kwanza walilolifanya ni kukataa kuiwasha injini. Pikipiki ikilala ubavu, mafuta ya injini huweza kupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia ndani ya silinda, au kupita kwenye mpira wa kupumulia wa injini hadi kwenye boksi la chujio la hewa; petroli nayo huweza kumwagika kutoka kwenye kabureta na kuingia ndani ya silinda pia. Kimiminika hakibanwi kama hewa, hivyo silinda ikiwa na kiasi cha kutosha na injini ikalazimishwa kuzunguka, fimbo ya pistoni ndiyo inayopinda. Fundi alitoa plagi, akafunika tundu lake kwa kitambaa, akakanyaga kiki polepole mpaka alipojiridhisha kwamba hakuna kinachorushwa nje. Kitambaa kilitoka na madoa ya mafuta, na chujio la hewa lilikuwa limelowa upande mmoja. Alipima kiwango cha mafuta, akaongeza kilichopungua, akasafisha boksi la chujio, akarudisha plagi na kuwasha. Moshi ulidumu kwa dakika chache, ukapungua, ukaisha. Ripoti ikaandika kwamba ringi hazina dalili ya ubovu na kwamba mafuta yaliyokuwa yakiungua ni yale yaliyohama wakati pikipiki imelala. Hapo peke yake huduma ilikuwa imenirudishia gharama yake.

Kazi ya kutazamwa kwa makini, hata hivyo, ilikuwa ya sehemu ya mbele. Usukani unaokaa upande una maelezo zaidi ya moja: huenda usukani wenyewe umepinda, huenda shokapu mbili zimejisokota ndani ya vishikizo vyake, huenda bomba la shokapu limepinda, na huenda shingo ya fremu imesukumwa nyuma. Maelezo hayo yamepangwa kuanzia lile la kurekebishika kwa spana hadi lile linaloweza kuiondoa pikipiki barabarani moja kwa moja, na fundi mwadilifu huyapitia kwa mpangilio huo. Walilegeza boliti za kishikizo cha chini, nati ya juu ya shingo, boliti za madigadi na ekseli, wakalishika gurudumu katikati ya magoti na kuugeuza usukani hadi ukakaa sawa, kisha wakazibonyeza shokapu mara kadhaa kabla ya kukaza tena, ili zijipange zenyewe bila kubanwa. Sehemu kubwa ya upotofu ikaondoka. Sehemu ndogo ilibaki, na hiyo ndiyo iliyowafanya waniombe ruhusa ya kuzitoa shokapu.

Kupima bomba la shokapu ni jambo ambalo watu wengi hulifanya kwa jicho, na jicho hudanganya. Hapa bomba lililazwa juu ya vipande viwili vya chuma vyenye mfereji wa pembe, kipimo chenye mshale kikaegemezwa katikati yake, kisha bomba likazungushwa polepole kwa vidole. Mshale huenda na kurudi, na tofauti kati ya namba ya juu na ya chini ndiyo inayosomwa. Kuna jambo dogo hapa linalowaponyoka hata mafundi wazoefu: namba inayosomwa ni mara mbili ya kupinda halisi, kwa kuwa bomba linapozunguka huusukuma mshale upande mmoja na kisha kuuachia upande wa pili kwa kiasi kilekile. Bomba la kulia lilisoma milimita 0.3, maana yake limepinda kwa milimita 0.15, na mwongozo wa pikipiki yangu unaruhusu hadi 0.2. Bomba hilo likaokoka. La kushoto lilisoma 0.9, na hapakuwa na cha kutetea. Asiyejua kugawanya kwa mbili angeyatupa yote mawili na kuamini kwamba ametenda haki.

Walipozirudisha shokapu kwa muda ili kumaliza ukaguzi, waliinua gurudumu la mbele kutoka chini na kuniambia niugeuze usukani mwenyewe, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikiwa nimeushika kwa ncha za vidole. Katikati kabisa, pale ambapo gurudumu huelekea mbele, usukani ulijinasa kidogo kabla ya kuendelea. Ni hisia ndogo mno, na mtu anayeushika kwa nguvu haipati. Maelezo yake ni kwamba kishindo cha kugonga huzisukuma golori za beringi za shingo kwenye njia zake na kuacha vishimo. Kwa kuwa pikipiki ilikuwa ikienda mbele ilipogonga, vishimo hukaa mahali ambapo golori hupumzika wakati wa kwenda mbele. Barabarani jambo hilo humfanya dereva ahisi kwamba pikipiki inayumba na kuhitaji kurekebishwa kila mara, naye hulaumu tairi. Kukaza nati ya shingo hakuondoi vishimo, huvificha tu mpaka beringi ianze kusagika. Ripoti iliagiza beringi zote mbili na njia zake zibadilishwe, na ikataja kwa maandishi kwamba kukaza si tiba.

Fremu ilikaguliwa baada ya tangi kuondolewa, kama inavyopaswa, kwa sababu nyufa za shingo huanzia chini ya tangi na mahali pa kuchomelea, ambako mwenye pikipiki haoni. Walitafuta kwanza rangi iliyokunjamana au kubanduka kwa mstari mwembamba, kisha wakapaka rangi ya kupenya, wakaifuta, na kupulizia unga mweupe unaoinyonya rangi iliyojificha ndani ya ufa na kuifanya ionekane. Hakuna mstari uliojitokeza. Nawasifu kwa kuninyima haraka ya kuondoka wakati huo, maana jaribio hilo linataka subira, na ni rahisi kulikatisha mteja akianza kutazama saa.

Jaribio la ulinganifu wa magurudumu ndilo lililonipa sababu ya kwanza ya kulalamika. Fundi alisimama nyuma ya pikipiki, akafumba jicho moja, akatamka kwamba magurudumu yako kwenye mstari. Nilipoomba uzi ulete ushahidi, uzi uliletwa bila kinyongo, lakini mteja hapaswi kuuomba. Uzi huzungushwa kwenye tairi la nyuma na kuvutwa mbele pande zote mbili, chini ya usawa wa ekseli, mpaka ugusane na kingo zote mbili za tairi la nyuma. Kwa kuwa tairi la mbele kwa kawaida ni jembamba zaidi, hubaki nafasi kati ya uzi na tairi hilo, nayo inapaswa kuwa sawa kushoto na kulia. Kabla ya hapo, gurudumu la nyuma lazima liwe limenyooshwa kwenye mkono unaolibeba kwa kupimwa, wala si kwa kutegemea alama za kurekebishia mnyororo, ambazo mara nyingi hazilingani. Pikipiki yangu ilipita, kwa hiyo jicho la fundi halikukosea. Ila ripoti inayouza uhakika haiwezi kuwa na mstari mmoja unaotegemea jicho la mtu.

Kuhusu gia, walianza na jambo lililo wazi: mkono wa gia ulikuwa umepinda kuelekea ndani na kugusa kifuniko cha injini, hivyo haukuwa ukimaliza mwendo wake. Karakana nyingi hunyoosha mkono huo kwa nyundo ungali kwenye shafti yake, na kwa kufanya hivyo huigonga shafti ambayo pengine ilikuwa salama. Hawa waliutoa kwanza. Kisha wakafunga mahali pake spana nyembamba, wakaizungusha shafti na kutazama ncha yake dhidi ya alama ya chaki iliyochorwa kwenye kifuniko. Ncha iliyonyooka huzunguka mahali pamoja, iliyopinda huchora kipande cha duara. Yangu ilichora kipande kidogo cha duara, na chini ya sili yake palikuwa na tone la mafuta ambalo, likifutwa, lilirudi taratibu kadiri mkono ulivyokanyagwa na kuinuliwa. Shafti, kwa hiyo, ilikuwa imepinda, na sili ilikuwa ikisukumwa upande mmoja. Kwenye injini nyingi ndogo shafti hiyo hutolewa kwa kufungua upande wa klachi, si kwa kupasua injini nzima, na ripoti ilieleza hivyo kwa uwazi ili mteja asitozwe kazi ya gia boksi isiyohitajika. Mstari huo mmoja katika ripoti una thamani kwa mtu atakayeipeleka pikipiki yake kwa fundi mwingine, kwa kuwa unamwekea mipaka ya kazi.

Kifuniko cha magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa injini, kilicho upande huohuo wa kushoto, kilikuwa na mkwaruzo mrefu na mbonyeo. Walikifungua kuona kama ndani kimeigusa sumaku inayozunguka, kwani mguso wa aina hiyo huacha mstari unaong'aa kwenye sumaku na kutoa mlio wa chuma kinachosagana unaopanda kadiri injini inavyopandishwa. Hapakuwa na mstari. Kifuniko kilirudishwa na gasketi mpya, na ikaandikwa kwamba mbonyeo ni wa sura tu.

Breki na magurudumu sikuwa na wasiwasi navyo sana, na karakana haikuvipamba. Diski ilizungushwa mbele ya kipimo chenye mshale, na ikaonekana iko chini ya milimita 0.3 inayotajwa na mwongozo. Unene wake ulilinganishwa na kiwango cha chini kilichochongwa kwenye diski yenyewe. Mkono wa breki wa mbele ulikuwa laini ukibanwa, na hewa iliyoingia ilitolewa. Rimu ya mbele ilipanda na kushuka kupita milimita 2.0 inayoruhusiwa. Fundi alizigonga spoki moja baada ya nyingine kwa spana ndogo na kusikiliza: zilizokaza zilitoa mlio, zilizolegea zilitoa sauti iliyokufa, na zile zilizokufa zilikuwa zimekusanyika mahali pale pale palipogonga. Spoki zilikazwa na rimu ikarudi ndani ya kiwango. Mkono wa klachi ulikuwa umevunjika kwenye mfereji uliochongwa karibu na ncha yake, ambao watengenezaji huuweka makusudi ili kipande kidogo kivunjike na sehemu iliyobaki iendelee kutumika. Fundi asiyejua hilo husema mkono ulikuwa wa bei rahisi.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii uko kwenye umeme. Ukaguzi wao ulikuwa wa kuwasha taa, honi na viashiria huku usukani ukielekea mbele, kisha kuweka alama ya kupita. Nyaya zote za mbele hupita kando ya shingo ya fremu, na ajali iliyozisokota shokapu huweza kuzibana nyaya hizo kati ya shingo na kizuizi kinachousimamisha usukani ukigeuzwa hadi mwisho, hivyo hitilafu hujitokeza tu wakati usukani umegeuzwa hadi mwisho. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Taa ya mbele ilizimika nilipougeuza usukani kushoto hadi mwisho nikiwa natoa pikipiki nje, na ikawaka tena niliporudisha. Walilikubali kosa na kuufunika upya waya uliochubuka bila malipo ya ziada. Jaribio lililokosekana lingewachukua muda mfupi kuliko ule walioutumia kuandika kwamba umeme ni mzima. Kwa mantiki hiyohiyo, waya wa eksileta unapaswa kujaribiwa huku injini ikinguruma na usukani ukigeuzwa pande zote mbili: mwendo wa injini ukipanda wenyewe, au mshiko usiporudi ghafla ukiachiwa, pikipiki hiyo haipaswi kutoka. Jaribio hili walilifanya, na vizuri, jambo linalofanya kusahau nyaya kuwe kugumu zaidi kuelewa.

Wakati wangu ukipita pale niliona pia wanavyohudumia pikipiki za mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, na nadhani wamiliki wake watafaidika zaidi. Pikipiki nyingi za aina hiyo zina sensa inayotambua kwamba pikipiki imelala na kukata mafuta au moto wa plagi, na mara nyingi injini haiwaki tena mpaka ufunguo uzimwe na kuwashwa upya. Mwenyewe hukanyaga na kubonyeza stata hadi betri ichoke, akiamini injini imekufa. Fundi aliyepokea pikipiki ya namna hiyo alianza na ufunguo, akafuata swichi nyekundu ya kuzimia injini, ambayo hubonyezwa kwa urahisi pikipiki inapoanguka, kisha swichi ya stendi ya pembeni na ile ya mkono wa klachi. Ni mpangilio sahihi, kwa sababu huanza na sababu zisizogharimu chochote.

Ripoti yenyewe imeandikwa kwa lugha inayoeleweka, na kila kifaa kina safu ya kipimo kilichosomwa na kiwango cha mwongozo kando yake. Inapofika kwenye mipira ya breki, sili za shokapu na mnyororo, namba hutoweka na mahali pake hukaa maneno kama "imechakaa kiasi" na "iko vizuri". Mnyororo hupimika, ulegevu wake una kiwango kwenye mwongozo, na ugumu wa baadhi ya maungo yake huonekana ukizungushwa. Mteja atakayetaka kuitumia ripoti kudai fidia au kujadiliana na aliyemgonga atashindwa kuyatetea maneno hayo.

Kabla ya kunikabidhi pikipiki, fundi aliiendesha mwendo wa taratibu, akafunga breki ya mbele kwa upole, kisha kwa nguvu, akitazama kama inavuta upande mmoja. Shokapu ya kushoto na beringi za shingo zilikuwa bado hazijabadilishwa wakati huo, na ripoti ilikataza wazi kuitumia barabarani hadi zibadilishwe. Nikaisafirisha kwa gari. Karakana inashauri spoki zilizokazwa na boliti za vishikizo vya shokapu zikaguliwe tena baada ya matumizi ya awali, kwa kuwa hulegea zinapozoea mzigo. Ushauri huo ni sahihi kabisa, lakini ukaguzi wa marudio hutozwa kama ukaguzi mpya, na kwa kazi ya kupitisha spana kwenye boliti chache na kugonga spoki za gurudumu moja, malipo hayo sikuona sababu yake.